Dekonti imekwisha, motokari iko juu ya matofali: familia za Lubumbashi zinanunua sura, hazinunui gari

LUBUMBASHI – Ukipita asubuhi katika avenue za Katuba, Kampemba ama Kenya, hutakosa kuiona: motokari ya familia, rangi yake ingali inang'aa, imepandishwa juu ya matofali ndani ya lupango. Pine zimetolewa, batri imeuzwa, kuku wanalala chini ya moteri. Baba mwenye nyumba anakwenda kazini kwa taksi-bisi. Watoto wanakwenda masomo kwa miguu. Ukimuuliza baba, atasema anangojea piesi. Piesi hiyo anaingojea tangu mvua ya mwaka jana.

Majirani wanasema ni bahati mbaya. Hapana. Ni uchaguzi mbaya, uliofanyika mchana kweupe, mbele ya komisioneri mwenye maneno matamu, na shemeji wawili waliokuwa wanapiga picha na simu. Mama wa nyumba hakuulizwa. Fundi hakuitwa. Kilichoangaliwa ni rangi, viti vya ngozi na redio yenye kioo kikubwa. Dola zikahesabiwa, funguo zikatolewa, na pesa ya miaka mingi ya kazi ikaingia ndani ya chuma ambacho hakuna mtu aliyekichunguza.

Mji huu ulikwisha kupata fundisho. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara, kiisha wakapokea pesa kwa mara moja. Wapo waliojenga. Wapo waliolipia watoto masomo. Wapo pia waliokimbilia motokari za okazioni, wakidhani taksi itawalisha mpaka uzee. Wazee wangali hai, wanaweza kusimulia wenyewe namna mambo hayo yalivyoisha. Lakini leo vijana wanaomaliza mkataba katika kampuni zinazohudumia migodi wanapokea dekonti na kufuata njia ile ile, kwa mwendo wa mbio zaidi.

Hesabu ambayo komisioneri haitaji

Tuseme baba mmoja amepokea dola 9,000. Ana mke, watoto wanne, na nyumba ya kupanga. Komisioneri anamuonyesha Toyota Mark X: silinda sita, lita mbili na nusu, nyeusi, nzuri kabisa. Bei ni dola 7,500, na baba anafurahi kwa sababu anabakiwa na 1,500. Hajaanza kuhesabu. Kuna plake, karte roze, asiransi, vinyeti na kontroli teknike. Kuna pine nne, maana zile zilizokuja na motokari zimezeeka. Kuna freni na amortiseri. Na kila asubuhi kuna esansi ya moteri ya silinda sita, katika mji ambamo mtu anakaa dakika kumi nzima katika msongamano bila kusogea. Mwezi wa tatu, 1,500 imekwisha. Mwezi wa tano, mkubwa wa masomo anawarudisha watoto nyumbani kwa sababu minervali haijalipwa. Motokari inaanza kulala.

Tuseme baba huyo huyo amechukua Corolla ama Premio ya lita moja na nusu, silinda nne, kwa dola 6,000. Anabakiwa na 3,000. Elfu moja ni ya makaratasi na ya matengenezo ya kwanza, kwa sababu hakuna motokari ya okazioni isiyohitaji matengenezo ya kwanza, na anayesema ipo anadanganya. Elfu mbili ni ya watoto na ya siku mbaya. Fundi wa Kamalondo anaijua moteri hiyo kama anavyoujua mkono wake. Piesi zake ziko sokoni, mpya na za kutumika. Familia inafika kanisani, inafika sokoni, inafika Likasi. Hakuna anayewapigia makofi, lakini wanafika.

Bei zitabadilika kwa kila mwezi na kwa kila muuzaji. Kanuni haibadiliki: pesa ya kununua motokari isiwe pesa yote uliyo nayo. Anayetoa dola yake ya mwisho kwa kununua, tayari ameshindwa kuitunza.

Mpya ama ya okazioni?

Wako wanaojibu kwamba dawa ni kununua mpya. Kwa kweli motokari mpya ina faida yake. Haina siri ya mtu mwingine ndani yake, ina garanti, na kilometa zake zinaanza kwako. Kampuni ya madini inaweza kulipa bei hiyo, na shirika kubwa vile vile. Lakini mfanyakazi wa mshahara wa kawaida ataipata wapi? Katika maduka ya motokari mpya za hapa, kinachotangulizwa ni pikapu na jeep za kampuni, si gari ndogo la mwalimu ama muuguzi. Mkopo wa benki wa kununua gari la familia si jambo la kila mtu. Halafu motokari mpya inapoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya kwanza, na hasara hiyo anaibeba mnunuzi wa kwanza peke yake. Kumwambia baba wa Ruashi anunue mpya ni kama kumwambia anayekosa bukari ale nyama.

Basi okazioni itabaki. Bara lote la Afrika linaishi nayo. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018, Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyokwisha kutumika milioni 14, na sehemu kubwa yalikuja Afrika. Shida si kununua iliyotumika. Shida ni kununua usiku ndani ya gunia.

Maana njia ya motokari hizi ni ndefu. Inatoka Japani kwa meli, inashuka Dar es Salaam, inapita Tunduma, inaikata Zambia na kuingia Kasumbalesa. Ni karibu kilometa 2,000 za bara, na nyingi zinakuja kwa magurudumu yake zenyewe, mikononi mwa shoferi anayelipwa kwa kufika haraka. Kiisha inaoshwa, inapakwa mafuta meusi kwenye pine, na kompteri yake inaonyesha kilometa 60,000 tu. Motokari ya miaka kumi na tano, kilometa 60,000! Pedali ya freni imelika mpaka chuma, volani imekuwa laini kama sabuni, lakini kompteri inasema ni mtoto mchanga. Na mnunuzi anaamini kompteri.

Dawa ipo, na si ya ghali. Motokari iliyotoka Japani ina karatasi ya kutoka nchini, na mara nyingi kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa kule zimeandikwa humo. Muuzaji aionyeshe. Akisema imepotea, bei ipotee nayo, ama mnunuzi aondoke. Namba ya shasi kwenye karatasi ilinganishwe na namba iliyopigwa kwenye chuma. Moteri iwashwe ikiwa baridi, si baada ya komisioneri kuipasha moto saa nzima. Moshi wa buluu unaoendelea ni mafuta ya moteri yanayoungua. Pine zina tarakimu nne ubavuni: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Pine ya mwaka huo haifai kubeba watoto hata kama meno yake yangali marefu. Na chini ya motokari fundi aingie kabisa na taa, atafute kutu na alama za kuunganisha.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji hata kidogo: mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hiyo ya Japani ilitengeneza mifuko ambayo dawa yake ya kulipuka inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa mtu. Mamilioni ya magari yaliitwa kurudishwa duniani pote, kati yake Corolla nyingi za miaka ya 2000, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Motokari iliyosafirishwa kabla ya kubadilishiwa mfuko inao mpaka leo. Namba ya shasi inaweza kuchunguzwa kwa intaneti bila malipo katika ukurasa wa mtengenezaji. Ni kazi ya dakika chache. Nani anaifanya?

Volani ya kuume, mtoto upande wa hatari

Kongo inaendesha upande wa kuume. Motokari za Japani zina volani upande wa kuume pia. Maana yake shoferi amekaa karibu na mtaro, na anayekaa mbele upande wa kushoto, mara nyingi mama ama mtoto mkubwa, ndiye aliye karibu na magari yanayokuja. Barabara ya Likasi imejaa malori ya shaba na kobalti. Baba anapotaka kupita lori, yeye haoni mbele. Inabidi atoe nusu ya motokari barabarani kwanza, kwa hiyo mkewe anatangulia kuona kifo. Ndiyo sababu katika motokari nyingi mama anasikika akisema «pita», «usipite». Mama huyo amekuwa macho ya shoferi bila permi na bila mshahara.

Serkali imewahi kutangaza marufuku ya motokari hizi. Motokari ziliendelea kuja, kwa sababu zile za volani ya kushoto zinazotoka Ulaya ama Dubai mara nyingi zina bei ya juu zaidi. Hakuna haja ya kumtukana maskini aliyenunua alichoweza. Lakini anayeweza kuchagua, na anayesafiri mara kwa mara nje ya mji, aiweke volani ya kushoto mbele ya viti vya ngozi. Na aliyekwisha kununua ya kuume aache kupita malori kwa kubahatisha, na watoto washukie mlango wa kuume, upande wa mtaro.

Serkali nayo ijibu

Lawama zote zisimwangukie baba wa familia. Motokari hiyo ilipita mpakani mchana, mbele ya maofisa. Ililipa duani, ililipa huduma hii na huduma ile. Kila aliyeweka muhuri alichukua pesa. Ni nani aliyefungua boneti? Mnunuzi analipia kontroli teknike, lakini mara nyingi kontroli hiyo inakuwa karatasi inayonunuliwa, na motokari yenyewe imebaki nyumbani. Kiisha polisi wa barabarani anaisimamisha motokari hiyo hiyo kila pembe ya mji, si kwa sababu freni ni mbovu, bali kwa sababu karatasi moja imepitwa na siku mbili.

Kenya haipokei motokari ya okazioni iliyopita miaka minane, na inadai ichunguzwe kabla ya kupanda meli. Watu wa Kenya nao wanalalamika juu ya bei, na wana haki. Lakini angalau mtu anajua kwamba kuna aliyeangalia. Hapa kwetu familia inalipa mara mbili: inalipa ofisi ambazo hazikuangalia, na inalipa fundi kwa kile ambacho hakikuangaliwa.

Heshima ya nani?

Jibu la mwisho la wanaonunua sura ni heshima. Mtu amefanya kazi ngumu, wanasema, ana haki ya kufika harusini kama mtu. Ni kweli, ana haki. Lakini harusi ni Jumamosi moja. Jumatatu kuna masomo, kuna hospitali, kuna kodi ya nyumba. Jirani aliyesifu Mark X siku ya kwanza ndiye huyo huyo anayecheka leo akiiona juu ya matofali, na hatatoa hata franka moja ya piesi.

Kabla dola ya kwanza haijatoka mfukoni, baba akae mezani na mama, waandike pesa ya mwaka mzima ya watoto, waiweke pembeni. Kinachobaki ndicho kinachotafuta motokari. Fundi asiyejuana na komisioneri alipwe siku yake moja, aiangalie na aseme ukweli. Akisema hapana, iwe hapana, hata kama rangi inang'aa, hata kama shemeji wamekwisha kupiga picha.

Kasumbalesa haitafungwa kesho. Motokari nyingine itakuja wiki ijayo. Dekonti nyingine haitakuja.