Baridi ya Texas na mbabula zetu: nani anashika onyo?



Kipwa kimefika, na kwetu Likasi usiku wa mwezi wa sita na wa saba si wa mchezo. Tunakaa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi watoto wanaenda masomo wakitetemeka. Ndiyo maana tumeona vema kutazama tena jambo lililolipata jimbo la Texas, Marekani, mwezi wa Februari 2021.

Tunalitazama kwa sababu mbili. Kwanza, kule wako watu wetu. Texas ni moja ya majimbo yaliyopokea wakimbizi Wakongo wengi, na katika makanisa yetu ya Kivu, Tanganyika na Katanga ni vigumu kukosa familia yenye mtu Houston, Dallas, Fort Worth au Abilene. Pili, habari ile si ya barafu tu. Ni habari ya onyo lililotolewa mapema, na ya watu ambao hawakulishika.

Yaliyotokea

Texas ni nchi ya joto. Nyumba zake zimejengwa ili kukimbia jua, na mabomba ya maji hayakufichwa vizuri dhidi ya baridi. Tarehe 16 Februari 2021, Dallas ilishuka hadi digrii 19 chini ya sifuri, baridi ambayo mji ule haukuiona tangu 1949. Kila nyumba ikataka kupashwa moto saa ile ile. Lakini mitambo ya umeme ilikuwa inaganda, visima na mabomba ya gesi pia. Tena, gesi ilihitaji umeme ili isukumwe, na umeme ulihitaji gesi ili uzalishwe. Kimoja kilipoanguka kilivuta kingine.

Nyumba na maduka zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme, wengine kwa siku nyingi. Wasimamizi walisema baadaye kwamba zilibaki dakika nne na nusu tu hivi mfumo wote wa jimbo uzimike. Maji nayo yakafuata: Abilene, mji wenye Wakongo wengi, ulifunga maji ya mji mzima kwa sababu mitambo ya kuyasafisha ilikosa umeme.

Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Kati yao 161 waliuawa na baridi yenyewe. Wengine 19 waliuawa na hewa ya sumu ya moto, kwa sababu watu waliwasha gari ndani ya gereji, au jenereta na makala ndani ya nyumba, ili wapate joto. Wahamiaji walikuwa miongoni mwao. Hao 19 ndio wanaotugusa sana sisi wa Likasi, na tutawarudia.

Onyo la miaka kumi

Watu wengi walisema: hili ni pigo la mbinguni, nani angejua? Ukweli ni mwingine. Februari 2011 baridi kali ilipiga Texas na umeme ukakatwa. Mwaka ule ule wachunguzi wa serikali kuu waliandika ripoti: fungeni mitambo yenu dhidi ya baridi, la sivyo itarudi. Hakuna sheria iliyowalazimisha wenye mitambo, na kufanya hivyo kulidai feza. Tena mfumo wa umeme wa Texas umejitenga kwa makusudi na majimbo mengine, ili usiwe chini ya usimamizi wa serikali kuu. Saa ya shida ilipofika, majirani hawakuweza kuwasaidia ila kidogo sana. Sheria ya kulazimisha matayarisho ilitiwa sahihi mwezi wa Juni 2021, baada ya mazishi.

Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba ni mapenzi ya Mungu. Baridi ilitoka juu, lakini uzembe ulitoka chini. Kumtwika Mungu deni la wanadamu si imani.

Sauti mbili

Katika siku zile zilisikika sauti mbili. Meya wa mji mdogo uitwao Colorado City aliwaandikia watu wake kwamba mji hauna deni lolote kwao, kila mtu ajitafutie, wenye nguvu wataokoka na wadhaifu wataangamia. Watu walikasirika, na alitoka kwenye kazi hiyo.

Sauti ya pili ilitoka Houston. Mwaka 2017, wakati wa mafuriko ya kimbunga Harvey, kanisa kubwa la Lakewood lililaumiwa na wengi kwamba lilichelewa kufungua milango. Februari 2021 kanisa hilo lilifungua milango, na watu wasio na moto nyumbani wakaingia kulala. Tunaweza kubishana na Lakewood juu ya mafundisho mengi. Lakini hapa kuna watu waliosikia lawama wakabadilika kwa miaka minne, na kuna wenye mitambo waliosoma ripoti wasibadilike kwa miaka kumi.

Meya yule angeweza kututolea hata Maandiko. Je, Paulo hasemi katika Wagalatia 6:5 kwamba kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe? Anasema. Lakini mistari mitatu kabla amesema tubebeane mizigo. Katika Kigiriki maneno ni mawili. Mzigo wa mstari wa 5 ni *phortion*, furushi ambalo mtu anaweza kulibeba peke yake. Mzigo wa mstari wa 2 ni *baros*, uzito unaoponda. Kukata kuni zako ni furushi lako. Umeme wa jimbo zima ukizimika, huo ni uzito. Anayekuambia uubebe peke yako amechanganya mistari.

Na sisi je?

Matendo 11 inasimulia kwamba nabii Agabo alitangaza njaa itakayokuja. Kanisa la Antiokia halikungoja kuona maiti. Kila mmoja, kwa kadiri ya uwezo wake, alitoa msaada ukapelekwa Yudea. Hilo ndilo kanisa linaloshika onyo.

Sisi Likasi tunajua onyo letu. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, hayako mbali nasi, lakini migodi inameza umeme mwingi na mitaa mingi inakaa gizani. Usiku wa baridi, mama anaingiza mbabula ndani ya chumba, anafunga mlango na dirisha, watoto wanalala. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu, na mtu aliyelala haamki. Halafu mtaani watu wanaanza kutafuta mchawi, na wakati mwingine bibi kizee au mtoto anashitakiwa. Wandugu, hilo ni kosa la pili juu ya msiba wa kwanza.

Kwa hiyo tunaomba makanisa yetu mambo manne kabla ya baridi kuzidi:

1. Siku ya yenga, katika matangazo, mchungaji aseme wazi: mbabula haitalala ndani. Pasha chumba joto mlango ukiwa wazi, kisha itoe nje kabla ya kulala.

2. Wamama na vijana wafundishwe dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kukosa nguvu. Mtu huyo atolewe nje mara moja, apelekwe kituo cha afya.

3. Mashemasi waandike majina ya wazee wanaoishi peke yao, wajane na wagonjwa, na kukusanya blanketi sasa.

4. Kifo kikitokea, kanisa liwe la kwanza kueleza sababu, ili neno la uchawi lisipate nafasi.

Wenye ndugu Texas, wapigieni simu muwaambie haya haya, kwa maana baridi ile inaweza kurudi, na mtu aliyezoea mbabula huku anaweza kuiwasha kule katika chumba kilichofungwa zaidi kuliko chetu.

Tunaendelea kuwaombea wenye kutawala umeme, huku na kule, wasome ripoti zao kabla ya mazishi. Sisi hatuna mitambo mikononi. Mbabula tunazo, na blanketi tunazo. Tuanze na hizo.

Neema ya Bwana iwe nanyi.