FAINI YA GARI BOVU NI YA NANI?



Kanuni za Makosa Madogo Barabarani zilitolewa mwaka 2016, na humo kila kosa liliandikiwa faini yake. Kutofunga mkanda, shilingi 500. Kutokuwa na leseni mkononi, 1,000. Kushika simu huku ukiendesha, 2,000. Kuendesha gari lisilo na cheti cha ukaguzi, 10,000.

Hatupingi faini. Dereva asiyefunga mkanda na alipe. Lakini cheti cha ukaguzi ni kazi ya nani? Gari si la dereva. Tajiri ndiye asiyelipeleka kukaguliwa, naye ndiye asemaye, "Toa gari, kazi yako inatakwa na wengi." Dereva akishikwa njiani, ndiye ashtakiwaye, na mwisho wa mwezi hukatwa mshahara. Faida ya tajiri, hasara ya dereva! Hiyo si haki hata kidogo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja makato yanayoruhusiwa. Faini ya gari bovu la tajiri haimo.

Basi twasema: kabla ya kutoka, uliza cheti. Kama hakipo, mwambie mjumbe wa chama siku iyo hiyo. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kukatwa mshahara kabla chama hakijaiona. Mmoja akikataa peke yake atafukuzwa. Tukikataa sote, tajiri atalipeleka gari kukaguliwa.