Tuangalie Kilichobaki Ndani ya Vitabu Tunavyowatumia Waumini



Likizo iliyopita mafrateri wanne wa parokia yetu tuliandaa kijitabu cha tafakari juu ya ndoa na familia, tukakituma kwa WhatsApp katika makundi ya jumuiya ndogo ndogo. Jumapili iliyofuata mama mmoja akaniuliza baada ya Misa: "Frateri, kurasa thelathini tu, mbona kimekula bando langu lote?" Nilicheka. Jioni nikakifungua kitabu chenyewe, na kicheko kikaisha.

Kitabu cha aina ya EPUB ni mkoba wa zip. Tengeneza nakala yake kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa jina kutoka .epub kuwa .zip, nawe utaona kila kilichomo: kurasa, picha, fonti, faili za mitindo. Humo kuna faili moja inayoishia na .opf, yenye orodha mbili. Ya kwanza hutaja vitu vyote vya kitabu; ya pili hupanga kurasa zifuatane vipi. Ukianzia kwenye hiyo ya pili, ukafuata kila picha na mtindo unaoitwa na kila ukurasa, kile usichokifikia popote ndicho cha kutilia shaka.

Kwetu nilikuta majalada matatu tuliyoyakataa, picha za kamera zisizopunguzwa ukubwa, na fonti ambazo hakuna ukurasa uliozitumia. Hayo ndiyo yaliyokula bando. Lakini palikuwa pia na ukurasa mmoja: ushuhuda wa mama wa jumuiya yetu kuhusu ndoa yake, wenye jina lake na la mumewe. Alikuwa ametuomba tusiutoe. Tuliuondoa kwenye yaliyomo na kwenye mpangilio wa kurasa, tukamwambia haumo. Ulikuwamo. Msomaji wa kawaida asingeuona, ila kijana yeyote anayejua kufungua zip angeusoma wote.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema masalia haya ni suala la mafundi. EPUBCheck, programu inayokagua vitabu hivi, inaweza kukutajia faili iliyomo mkobani bila kutajwa kwenye orodha. Lakini faili iliyotajwa isiyotumika si kosa. Kitabu kinafaulu ukaguzi. Sigil, ambayo ni ya bure, ina amri ya kufuta picha zisizotumika. Inasaidia sana, ila haiwezi kujua kwamba mama fulani aliomba hadithi yake isitoke. Hilo tulilijua sisi.

Wapo pia wanaotaka kufuta kila kisichoonekana kutumika. (Darasani tumemsoma William wa Ockham, na wembe wake umetupa ujasiri kupita kiasi.) Fonti haiitwi na ukurasa moja kwa moja, huitwa na faili ya mitindo. Picha ya jalada huenda ikatajwa ndani ya .opf tu. Ukifuta kwa haraka, kitabu kinabaki bila uso. Fuata kwanza nani anamwita nani, weka nakala ya akiba, kisha futa.

Maoni yangu ni kwamba kitabu chochote cha parokia au cha seminari kisitumwe kabla mtu wa pili, asiyekiandaa, hajafungua mkoba na kupitia faili moja moja. Kwa kijitabu kama chetu haifiki hata nusu saa.

Tulituma toleo safi, tukaomba lile la kwanza lifutwe kwenye simu. Wangapi walifuta, sijui. Yule mama nilimfuata nyumbani siku ileile, kabla hajasikia kwa mwingine. Alininyamazia kitambo kirefu, kisha akauliza kama mumewe naye nimeshamwambia.