Mbwa wa Manyoya na Waislamu wa Gatong'ora

Gatong'ora ni wadi mojawapo ya eneo la ubunge la Ruiru, huko Kiambu. Zamani jina la Ruiru lilileta harufu ya kahawa. Hata aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 iliitwa Ruiru 11, kwa jina la kituo cha utafiti kilichoko huko. Lakini tangu kumalizika upanuzi wa barabara kuu ya Thika mwaka 2012, mashamba mengi yamekatwa viwanja, na juu ya viwanja zimesimama nyumba zenye kuta na malango ya chuma. Nyuma ya lango, mbwa.

Watu wetu waliotoka Mombasa, Lamu na Malindi kutafuta riziki nao wamo humo, na suala limewabishia hodi: mwizi hachagui dini, jirani ana mbwa, je, sisi?

Mbwa apendwaye zaidi ni yule wa Kijerumani, jamani shepadi (wala si ile "jamani" yetu ya kuombea). Asili yake ni mchunga kondoo. Kapteni mmoja wa Kijerumani, Max von Stephanitz, ndiye aliyeanzisha chama cha kuitunza mbegu hiyo mwaka 1899. Dume huweza kufika kilo 40, na wako wenye manyoya marefu kama blanketi. Basi huuzwa wakiwa wadogo, wazuri, kwa maelfu ya shilingi. Miezi minane baadaye mnyama anakula kuliko mtoto wa shule, hana mafunzo, hana pa kukimbia, na mwenyewe amechoka naye. Wengine huishia njiani, na wenye bahati huishia katika makao ya wanyama, kama yale ya KSPCA huko Karen, Nairobi.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Wengi wetu tukiulizwa juu ya mbwa hujibu neno moja, "haramu", tukafunga mlango. Ama hadithi zimemvua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Asiyekuwa huyo, mwenye kumfuga hupungukiwa na thawabu kila siku. Na wa kulinda nyumba je? Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ametaja kauli mbili, akaiona iliyo sahihi zaidi ni ile inayoruhusu.

Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi barazani, nalo ndilo zito: thamani yake. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na katika madhehebu yetu ya Kishafi mbwa hauziki, hata yule wa kuwinda. Mtu huwa na haki ya kumtumia tu, na haki hiyo aweza kumwachia mwenziwe. Basi tazama kinyume kilichopo: anayetoa maelfu kwa mfuga mbwa wa biashara ameingia penye katazo, na anayemchukua mbwa aliyetupwa, akalipia chanjo na kazi ya daktari, yuko karibu zaidi na fikihi. Hapana shaka kuna la kuhasiwa, kwani makao hayo huwahasi, na maulamaa wanalo neno juu ya hilo. Mwenye shaka amwulize shekhe wake.

Najisi nayo tusiikuze wala tusiidharau. Kikavu kwa kikavu hakinajisi. Mbwa wa manyoya marefu, mvua ya Aprili ikimlowesha akajipangusa na kanzu iliyoanikwa, hapo pana kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo banda lake liwe mbali na kamba ya nguo na mlango wa jikoni, na chombo chake kiwe chake. Baridi ya Ruiru ya Julai humfaa. Kumpeleka mnyama huyo Mombasa kwenye joto letu ni kumwadhibu.

Na chanjo ni lazima. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa kuufuta ugonjwa huo, na njia kuu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Asemaye haiwezekani penye Waislamu na aitazame Pemba: walianza kuchanja kwa wingi mwaka 2010, ugonjwa ukatoweka 2014, ukarudi 2016 chanjo zilipolegea, wakachanja tena, ukafutika 2018. Wapemba hawakuambiwa wawapende mbwa. Waliambiwa wawalete wachomwe sindano.

Yote haya ni kwa mwenye ua na lango. Aliyepanga chumba ghorofani pale Kamakis, asiye na cha kulindiwa ila televisheni, naye ametamani manyoya kwa sababu ameyaona kwa jirani, huyo Imamu Nawawi hakumtaja.