Anayepanda Mti Naye ni Mfanyakazi

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya kuanguka mtini. Hakuna msimu wa karafuu unaopita Pemba bila ya mchumaji kuchukuliwa hospitali, na vijiji vya minazi vya Unguja vinawajua wakwezi waliokosea kidato kimoja wakabaki na fimbo maisha yao yote. Kwa sababu hiyo tunadhani tunayo haki, na pengine wajibu, wa kusema neno juu ya ndugu zetu wa upande wa pili wa Muungano ambao kazi yao ni hiyo hiyo ya kupanda, ijapokuwa hawafuati karafuu wala nazi. Tunawakusudia warina asali wa Mpanda na Mlele, katika Mkoa wa Katavi.

Mkoa huo ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni misitu ya miombo. Huko, hasa Inyonga, Wakonongo wamerina asali tangu enzi za mababu. Mzinga wao wa asili ni gome la mti lililobanduliwa zima na kufungwa mviringo, au gogo lililochongwa likawa tupu ndani. Ukiwekwa chini, nyegere ataupasua, siafu watauingia, na moto wa kiangazi utamaliza kilichobaki. Kwa hiyo hutundikwa juu katika matawi, na mwenye mzinga hana budi kuufuata huko huko.

Huufuata kwa kamba, mara nyingi iliyosokotwa kwa nyuzi za gome la myombo, na kwa nguvu za mikono na miguu yake. Wengi hupanda usiku, maana nyuki wa nyika ni wakali na giza huwapunguzia hamaki. Mkono mmoja umeshika kienge kinachofuka moshi, wa pili unakata masega, na kamba nyingine inashusha chombo cha asali kwa mwenzake aliye chini. Giza, moto, nyuki na kimo, vyote vinamkabili kwa wakati mmoja. Mchumaji wetu wa karafuu angalau hufanya kazi mchana, akaliona tawi bovu kabla ya kulikanyaga.

Tunajua jibu litakalotolewa maofisini: dawa ni mizinga ya kisasa, ya masanduku, inayotundikwa kwa waya kwa kimo cha mtu. Ni jibu la haki, na linayo faida ya kuinusuru miti, kwa kuwa mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002 zilifungua njia. Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hadi 2015, aliihimiza kazi hii huku yeye mwenyewe akifuga nyuki. Lakini sanduku hununuliwa kwa fedha, na gome halinunuliwi. Mzee mwenye mizinga mingi iliyotawanyika msituni hataishusha yote kwa sababu ya semina ya siku mbili. Ataendelea kupanda, na mwanawe pia.

Basi tuulize swali dogo. Katika miradi yote ya kugawa mizinga, nani amegawa kamba? Wala hatusemi zichukuliwe kamba zozote dukani zikapelekwe Inyonga. Kamba ya nailoni, hata iwe imara namna gani, huyeyuka ikiguswa na kienge. Vazi zito la kukinga nyuki humfanya mpandaji ashindwe kukunja goti. Mshipi wa kiunoni unaofungwa kwa kifungo kigumu hauna maana kwa mtu anayetaka kushuka upesi nyuki wakimzingira. Vifaa hivyo vijaribiwe kwanza na wenye kazi, juu ya miti yao, na wao waseme kipi kinafaa. Mtaalamu asiyewahi kupanda mtundu usiku asiwaamulie.

Jambo la pili ni fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara, ulioanza kazi mwaka 2015, unachangiwa na waajiri. Mrina asali hana mwajiri. Akivunjika uti wa mgongo, gharama ni ya mkewe na wanawe. Huku kwetu Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuu, ingawa wengi wao nao hawana mwajiri wa kudumu. Hatusemi hayo kwa kujigamba. Fedha hizo humfikia mtu akiwa amekwisha kuanguka, na mkwezi wa minazi hazimhusu kabisa. Hata hivyo zimethibitisha kwamba mpandaji asiye na barua ya ajira anaweza kuhesabiwa, pakiwapo chombo kinachonunua zao lake na kukubali kubeba dhamana.

Katavi vyombo hivyo vinaweza kuwa vyama vya ushirika vya wafugaji nyuki, pamoja na wanunuzi wanaochukua asali na nta. Tunazishauri halmashauri za Mlele, Nsimbo na Tanganyika zianze na daftari: kila anayeanguka mtini aandikwe, mti gani, kimo gani, kamba gani ilikatika, na familia yake imepata nini. Daftari hilo lifike mezani kwa Mkuu wa Mkoa, Mpanda, kabla ya bajeti ijayo ya mizinga kupitishwa.