Mashine Inayowaka Si Lazima Iseme Kweli

Mwezi uliopita nilifuta kurasa nne za tasnifu yangu. Ndizo nilizozipenda kuliko zote. Ndani yake nilidai kwamba bibi mmoja, mzaliwa wa kijiji kilicho nje ya Beni, hutamka irabu /a/ ya Kinande kwa namna mbili zilizo mbali sana, mbali kuliko nilivyowahi kusoma popote. Nilikuwa na jedwali, wastani na grafu. Lakini bibi hakutamka hivyo. Zile namba zilizaliwa na kompyuta yangu, na kompyuta hiyo nilikuwa nimeivuruga mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Naeleza kisa hiki kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu katika kitivo hiki tunapima sauti kwa mashine za mitumba, na wengine tumejifunza kuzipandisha mwendo. Sisemi tuache. Nasema hatujui kikomo cha mashine kiko wapi, na kwamba kitivo kinapaswa kutuwekea kanuni.

Mashine yangu ni ya mezani, imefika Butembo kwa njia ya Kampala na Kasindi kama bidhaa nyingi za mji huu. Ndani yake mna prosesa ya Intel Core i5-2500K, ya mwaka 2011, yenye viini vinne. Kiwanda kiliipa mwendo wa msingi wa gigahezi 3.3. Ile herufi K mwishoni maana yake kizidishi hakikufungwa: prosesa ina mdundo wa saa wa megahezi 100, na mwendo wake ni mdundo huo mara kizidishi. Ukiandika 45 mahali pa 33, unapata gigahezi 4.5 bila kutoa hata dola moja.

Kwa mwanafunzi wa huku, hicho si kitu kidogo. Nilikuwa na saa nyingi za sauti, na umeme ni wa saa chache. Skripti yangu ya Praat ilipaswa kupima formanti za maelfu ya irabu. Niligawa faili katika mafungu manne, kila kiini fungu lake, viini vyote vifanye kazi kwa pamoja. Kazi isipokwisha kabla ya umeme kukatika, naanza upya kesho. Basi nikapandisha mwendo.

Nilifanya kama wengi wanavyofanya. Niliongeza kizidishi hatua moja moja. Kwenye 4.7 mashine ilikataa kuwaka. Kwenye 4.6 iliwaka, kisha skrini ikawa ya buluu baada ya dakika chache. Kwenye 4.5, baada ya kuongeza volti kutoka 1.20 hadi 1.38, ilitulia. Nilitazama filamu, nikaendesha Praat, nikafanya jaribio la robo saa usiku, hapa Butembo, dirisha likiwa wazi na baridi ikiingia. Haikuzima. Nikasema: kikomo ndicho hiki.

Hapo ndipo nilipokosea. Nguvu ambayo prosesa inakula hupanda sawa na mwendo, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Piga hesabu: mwendo wangu uliongezeka kwa asilimia 36, lakini nguvu, na kwa hiyo joto, iliongezeka kwa takribani asilimia 80. Prosesa ikipata joto, transista zake huchelewa kidogo kugeuka. Kama mdundo unaofuata utafika kabla kiini hakijamaliza kujumlisha, kinachosomwa ni jibu ambalo halijakamilika. Mara nyingi kosa la namna hiyo linaangusha mfumo mzima, nawe unajua. Lakini likiangukia katikati ya hesabu ya formanti, hakuna kinachoanguka. Namba moja tu inatoka si yenyewe, inaandikwa katika safu yake, na skripti inaendelea.

Wakati wa likizo nilibeba mashine hadi Beni, kwa baba mdogo. Ni kilomita zipatazo 50 tu, lakini Beni iko chini kuliko Butembo na joto lake ni jingine. Nilifanya kazi mchana, katika chumba kidogo chenye bati, kwa umeme wa jenereta. Huko ndiko jedwali langu zuri lilikotoka. Hakuna skrini ya buluu hata moja.

Niligundua kwa bahati tu. Niliporudi Butembo niliona nimesahau kupima urefu wa irabu, nikaendesha skripti upya juu ya faili zile zile. Faili zile zile na skripti ile ile zinapaswa kutoa namba zile zile, hadi tarakimu ya mwisho. Hazikuwa zile zile. Irabu chache zilikuwa zimehama, na karibu zote zilikuwa za fungu moja: lile lililopewa kiini cha tatu, lenye sauti ya yule bibi. Nilirudisha mwendo wa kiwanda, nikaendesha mara ya tatu. Jedwali la tatu lililingana na la pili. /a/ yangu ya ajabu ikatoweka.

Baadaye nilirudi Beni nikiwa na Prime95, programu ya kutafuta namba tasa kubwa. Wanaopandisha mwendo huipenda kwa sababu inavitesa viini vyote kwa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, hivyo haingoji mashine izime, bali inakagua kama imesema kweli. Mchana, katika chumba kile kile, kiini cha tatu kilitoa jibu la uongo baada ya dakika 22. Vingine vitatu viliendelea kama kawaida. Ilinibidi nishuke hadi 4.1 ndipo vyote vinne vikapita saa zote ambazo jenereta ilikuwa na mafuta.

Kwa hiyo kikomo cha prosesa si mahali inapokufa. Ni mahali inapoanza kudanganya, na mahali hapo panakuja mapema zaidi. Tena si namba moja ya kudumu. Ni ya kiini kilicho dhaifu kuliko wenzake, viini vyote vikiwa kazini, katika chumba fulani, saa fulani ya mchana. Kikomo cha Butembo usiku si kikomo cha Beni mchana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mashine inayodanganya mara moja katika mamilioni ya hesabu ina njia ndefu sana. Ingeweza kufika hadi siku yangu ya utetezi.

Wapo watakaosema: formanti chache, nani atajali? Sisi wa Kinande tunapaswa kujali kuliko wote. Kwa miaka mingi wanafonolojia walibishana kama /a/ inaruka tu upatanifu wa irabu unaotokana na mzizi wa ulimi kusogezwa mbele, au inaupokea. Mwaka 2006, Bryan Gick, Douglas Pulleyblank, Fiona Campbell na Ngessimo Mutaka walichapisha kazi waliyopima ulimi kwa picha za mawimbi ya sauti, wakaonyesha kwamba irabu hiyo haiko pembeni kama ilivyodhaniwa. Swali lenyewe lilijibiwa na vipimo vya tofauti ndogo. Mimi nilikuwa karibu kuongeza katika mjadala huo ushahidi uliotokana na joto la bati.

Wapo pia watakaosema dawa ni rahisi: asiguse mtu mwendo wa kiwanda. Ningekubali kama kiwanda hakingekosea. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati huko Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium inakosea kugawanya baadhi ya namba. Hakuwa ameipandisha mwendo. Alikuwa akihesabu namba tasa na akakataa kuliamini jibu. Mwaka 2021 watafiti wa Google walieleza kwamba katika mashine zao nyingi hupatikana viini vichache vinavyokosea kimya kimya. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilitoa marekebisho kwa prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14, zilizokuwa zikipoteza uthabiti kwa sababu ya volti iliyopanda kupita kiasi. Mashine isiyoguswa inastahili imani zaidi, si imani yote.

Naomba mambo matatu kwa kitivo. La kwanza: jedwali lolote la vipimo lifanywe mara mbili, mara ya pili kwa mashine nyingine au kwa mwendo wa kiwanda, na majedwali yalinganishwe mstari kwa mstari. Kazi hiyo ni ya kompyuta, si ya mtu. La pili: katika sura ya mbinu tunaandika aina ya kinasa sauti, tuandike pia prosesa, mwendo wake na toleo la programu. La tatu: kompyuta moja ya chumba chetu iachwe na mwendo wa kiwanda, iwe ya kuhakikishia tu.

Kwa wenzangu mnaopandisha mwendo, sina haki ya kuwakataza. Lakini jaribuni viini vyote kwa pamoja, mahali penye joto mtakapofanyia kazi, kwa programu inayokagua majibu. Mkipata kikomo, shukeni hatua mbili. Ile dakika mnayopoteza ni rahisi kuliko kurasa nne.

Kuna jambo moja ambalo kanuni haitalirekebisha. Yule bibi alinipa asubuhi nzima ya maneno yake. Baadaye watu wa kijiji chake walikimbia mauaji, na sijui pa kumtafuta. Sauti yake ilibaki salama kwa sababu nilikuwa na nakala niliyoifanya kabla sijagusa kizidishi. Lakini nilipoona /a/ yake imehama, sikurudi kumsikiliza hata mara moja. Nilishika jedwali, nikaandika. Nilipokuja kuweka vipokea sauti masikioni, ilinichukua dakika mbili kujua kwamba namba zinamsingizia. Mimi ni Munande, nimekulia katika irabu hizo. Masikio yangu yalikuwepo tangu mwanzo, nami sikuyauliza.