Minara ya simu: majirani waulizwe mbele ya simenti kumwagwa

Mambo huanza karibu kila mara kwa namna moja. Asubuhi fulani vijana wenye majembe na beleshi wanaingia katika kiwanja cha mtu na kuchimba shimo kubwa. Majirani wanafikiri mwenye kiwanja amepata pesa, anajenga nyumba ya ngazi. Kisha simenti inamwagwa, vyuma vinafika kwa lori, na baada ya wiki chache mnara wa mita 30 ao zaidi umesimama juu ya mabati yao. Hapo ndipo wakaaji wa avenyu wanaandika barua. Inaenda kwa mkubwa wa kata, kopi kwa mkuu wa komini, kopi kwa shirika la raia. Inazungumza juu ya kansa, juu ya wanawake wenye mimba, juu ya watoto. Jibu, ikiwa linakuja, linasema kwamba kampuni ina ruhusa zote na kwamba wataalamu hawakuona hatari.

Wakaaji wa Butembo, Beni ao Bunia wanaijua hadisi hiyo. Kila mara pande mbili zinabishana juu ya mionzi, wakati ubaya wa kwanza uko pengine. Uamuzi ulishapita kati ya mwenye kiwanja na kampuni, ofisi ikaweka muhuri, na jirani akaja kusikia wakati kazi imekwisha.

Kuhusu mionzi yenyewe, ni vema kusema mambo wazi. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti juu ya kansa, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka mawimbi ya simu katika kundi la 2B, maana yake kwamba labda yanaweza kuleta kansa. Neno hilo lilizunguka dunia na likafika hadi katika mitaa yetu. Lakini 2B ni kundi la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo. Hata mboga zinazotunzwa kwa chumvi kwa desturi ya Asia zimo. Tena uchunguzi ule uliangalia zaidi simu inayogusa sikio kuliko mnara ulio mbali. Nguvu ya mawimbi inapungua haraka: umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Antena zinatupa mawimbi mbele, sawa taa za gari, si moja kwa moja kwenye mguu wa mnara. Na jambo linaloshangaza wengi ni kwamba simu iliyo mbali na mnara inajikaza zaidi ili isikilike, kwa hiyo kichwa cha mwenye kuongea kinapokea mawimbi mengi pale rezo inapokuwa kidogo.

Kwa hiyo mama anayekataa mnara juu ya mionzi hana ushahidi mkubwa mkononi. Lakini yule anayemjibu «wataalamu wamesema» hana kitu pia. Kuna mipaka ya kimataifa, ile ya ICNIRP: kwa mawimbi ya megahezi 900, watu wa kawaida wasipokee zaidi ya wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Kipimo hicho kinachukuliwa na chombo kinachoshikwa mkononi, kwa muda mfupi. Namba inaandikwa kwenye karatasi, karatasi inabandikwa kwenye ofisi ya kata, na kila mtu anayejua kusoma analinganisha. Kumwambia raia aamini tu, hasa katika inchi hii, ni kumwomba mengi. Raia huyo ndiye aliyekatwa yuniti kwa ajili ya RAM kuanzia mwaka 2020, akiambiwa kwamba ni kwa faida yake, mpaka watu walipopiga kelele na RAM ikaondolewa mwaka 2022. Hajasahau.

Lakini kuna kitu kingine kwenye mguu wa mnara, nacho hakitajwi sana katika barua za wakaaji. Ni jenereta. Mahali ambapo umeme hakuna, ao unakuja na kwenda, mnara unakula mazutu. Jenereta inanguruma usiku kucha nyuma ya ukuta wa matofali, bomba la moshi likitazama dirisha la jirani. Mwaka 2012 shirika lile lile la Lyon liliweka moshi wa mazutu katika kundi la 1, kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Pale hakuna «labda». Watu wetu wanaogopa kitu kisichoonekana na kuvumilia kile kinachowafanya wakohoe kila siku. Si kosa lao: hakuna aliyekuja kuwaeleza, na pengine wanafikiri kwamba kelele na moshi ni mambo madogo ambayo kiongozi hatayasikiliza, basi wanatafuta neno zito zaidi.

Ni yale madogo ndiyo yanayoweza kuamuliwa hapa hapa, bila kungoja mtaalamu kutoka Kinshasa. Jenereta iwekwe upande gani wa kiwanja? Tangi la mazutu liko mita ngapi kutoka jikoni la jirani, ambako moto wa makala unawaka mchana kutwa? Kampuni inaweza kuweka sahani za jua na betri ili jenereta izimwe usiku? Mnara ukianguka, utaangukia nini? Butembo imejengwa juu ya vilima, na mvua ikinyesha siku tatu, udongo wa mteremko unajua kuondoka pamoja na kilicho juu yake.

Kuna pia radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare, katika Kivu ya Kusini, ni ya pili duniani kwa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Butembo pia ilikuwa katika orodha ya sehemu za Afrika zinazopigwa zaidi. Katika eneo la namna hiyo, chuma cha mita 40 kinaita radi. Kikiwa na waya mzuri unaoshuka ardhini, radi inapita bila kuumiza mtu. Kikiwa na waya mbaya, ao waya uliokatwa na wezi wa shaba, ni televizyo na friji za majirani zinazoungua, ao jambo baya kuliko hilo. Nani anapima waya huo, na mara ngapi kwa mwaka? Swali hilo lina maana kuliko mabishano mengi juu ya mionzi.

Tena jirani mwenye swali hajui hata aligonge kwa mlango gani. Anaona rangi ya kampuni yake ya simu, anaenda kwenye duka lake mjini, na pale kijana anayeuza kadi anamwambia kwamba mnara si wao. Mara nyingi anasema kweli. Minara mingi ya Congo ni mali ya kampuni zingine zinazojenga na kuwakodishia Vodacom, Airtel, Orange ao Africell nafasi. Helios Towers peke yake ina zaidi ya minara 2,000 katika inchi. Bango dogo lenye jina la mwenye mnara, namba ya simu na namba ya ruhusa, kwenye mlango wa kila kiwanja, lingepunguza hasira nyingi.

Sheria si kwamba haipo. Katiba, katika kipengele cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inadai kwamba mradi unaoweza kudhuru mazingira uchunguzwe kwanza, na kwamba watu waulizwe mbele ya mradi kuanza. Agizo la tarehe 2 Agosti 2014 linaonyesha njia ya kufuata. Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1953, tayari kulikuwa na agizo juu ya vituo vya hatari na vinavyosumbua majirani, ambalo lilitaka jirani aulizwe faida na usumbufu anaouona. Kinachokosa ni mtu wa kubandika tangazo na kungoja majibu.

Na nani atalazimisha afanye hivyo? Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu tarehe 6 Mei 2021, maafisa wa jeshi na polisi walipewa uongozi wa majimbo, miji na komini. Mawazo yao ni kwa vita, na inaeleweka. Uchaguzi wa washauri wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika tu katika miji mikubwa ya majimbo. Butembo na Beni hawakupiga kura hiyo. Basi mkaaji wa Bulengera ao wa Mulekera hana mshauri aliyemchagua ambaye angeamka katika kikao na kuuliza kwa nini karatasi ya mnara ilisainiwa. Ana mkubwa wa kata, ambaye mara nyingi naye amesikia wakati simenti imekauka.

Wengine watasema: mashariki ya Congo inahitaji rezo, si mabishano. Ni kweli inahitaji. Kule Lubero ao Mambasa, simu moja inayopita kwa wakati inaweza kuamsha kijiji mbele ya wauaji kufika. Mkulima wa kahawa anapokea pesa zake kwa simu kwa sababu banki iko mbali na njia si salama. Hata wale wanaoandika barua kupinga mnara wanaituma kwa WhatsApp. Lakini vijiji vinavyolilia rezo na avenyu ya mjini yenye mnara wa tatu katika mita 300 si kitu kimoja. Sheria ya telekominikasyo ya tarehe 25 Novemba 2020 inazungumza juu ya kampuni kushirikiana vyombo. Mbele ya kukubali mnara mpya mjini, ofisi ingeuliza kwanza kwa nini antena haziwezi kupanda kwenye ule uliopo.

Katika Ufaransa, tangu sheria ya Februari 2015, kampuni inampelekea meya faili ya mradi angalau mwezi mmoja mbele ya kuomba ruhusa, na wakaaji wanaweza kuisoma. Orange, iliyotoka kule, inaujua utaratibu huo vizuri. Hakuna kinachozuia meya wa hapa kudai faili ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, ibandikwe siku 30 kwenye ofisi ya kata: mahali, urefu, mwenye mnara, upande wa jenereta, waya wa radi. Mwenye kiwanja anayepokea kodi ya kila mwezi akae pia mbele ya majirani wake siku moja na kueleza. Atasikia maneno makali. Ni afadhali ayasikie wakati shimo bado halijachimbwa.

Kwa minara inayosimama tayari, mlango mwingine uko. Mkataba wa kiwanja una mwisho wake, na siku ya kuufanya upya kampuni inarudi kuomba. Siku hiyo komini inaweza kudai kipimo cha mawimbi, kipimo cha waya wa ardhini, na jenereta ihamishwe kutoka dirisha la mtu. Wakaaji wa avenyu waanze leo kuuliza tarehe ya mwisho wa mkataba.